Ni Majani Tu

Muuguzi aliipokea ile chupa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akauliza, "Hii ina nini ndani?"

"Majani," binamu yangu akajibu.

"Majani gani, dada?"

Kimya. Binamu akanitazama mimi. Shangazi alikuwa amelala chali, mrija wa kulishia ukiwa umebandikwa plasta puani, na kiharusi kilikuwa kimeshaondoka na maneno yake karibu yote.

"Ni majani tu, nesi. Hayana kemikali."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Muuguzi hakugomba. Aliiweka chupa juu ya kabati la kitanda, akatuuliza swali jingine kabisa: "Mmeshaambiwa kama anameza?"

Nilihisi anakwepa. Sisi tulikuwa tumekuja na hoja ya inatibu au haitibu, yeye anatuuliza habari za koo. Nimekaa na swali lake kwa wiki kadhaa sasa, nikisoma, nikiuliza wafamasia na wataalamu wa lishe, nikibishana na ndugu kwenye kundi letu la simu. Haya ndiyo yaliyobaki baada ya kelele kupungua.

Koo kwanza

Katika siku za mwanzo za kiharusi, karibu nusu ya wagonjwa hupata shida ya kumeza. Wengi hupona baada ya siku au wiki chache. Wengine shida inabaki. Kwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, na kwenye ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, ule unaoitwa ALS, shida inaingia kwa kunyata: leo kidonge kimekwama, mwezi ujao chai inarudi puani.

Kupaliwa tunakujua sote. Mtu anakohoa, macho yanajaa machozi, anapigwa mgongoni. Lakini kuna kupaliwa kwa namna nyingine, kusiko na kelele. Koo lililopoteza hisia haliamshi kikohozi. Kimiminika kinateleza kwenye njia ya hewa, na mgonjwa ametulia tu, pengine anakutabasamia kwa shukrani. Baada ya siku mbili tatu inakuja homa, kifua kinakoroma, na daktari anatamka nimonia.

Nani atakumbuka kile kikombe?

Na katika vyote mtu anavyoweza kumeza, kimiminika chepesi ndicho kinachomshinda mgonjwa wa aina hii mapema zaidi. Kinakimbia. Misuli iliyopaswa kufunga njia ya hewa inachelewa kidogo tu, na kuchelewa huko kunatosha. Kwa hiyo ile chupa yetu, maji mepesi yenye uchungu na vipande vya majani vinavyoelea, ilikuwa na tatizo hata kabla hatujafika kwenye habari ya kutibu. Kitu chenye maji na vipande kwa pamoja ni kigumu mara mbili: maji yanatangulia wakati ulimi bado unahangaika na vipande.

Kuna kipimo cha kimataifa cha vyakula na vinywaji vya watu wenye shida ya kumeza, kinaitwa IDDSI, chenye ngazi 0 hadi 7. Vinywaji vyake vinapimwa kwa sirinji. Unachukua sirinji ya mililita 10 ambayo urefu wa alama zake, kutoka 0 hadi 10, ni milimita 61.5. Unachomoa kile kijiti cha kusukumia, unaziba ncha kwa kidole, unajaza hadi alama ya 10, kisha unaachia kwa sekunde 10 na kuziba tena. Ikibaki chini ya mililita 1, hiyo ni ngazi 0, sawa na maji. Ikibaki kati ya 1 na 4, ngazi 1. Kati ya 4 na 8, ngazi 2. Zaidi ya 8 ni ngazi 3, na kisichodondoka kabisa kinahesabiwa ngazi 4, ambacho sasa unakipima kwa kijiko na uma.

Nilijaribu nyumbani na majani ya kuchemsha. Yalitiririka yote, ngazi 0 bila ubishi. Nikajaribu tena bila kuchuja, na hapo likatokea jambo la ajabu: kipande cha jani kilikwama kwenye ncha, kimiminika kikasimama kwenye mililita 6. Kwa kusoma alama peke yake ungesema kinywaji kimekuwa kizito cha ngazi 2. Kumbe ni maji yale yale, yenye kizibo. Mtu anayepima kwa haraka angemnywesha mgonjwa akiamini amefuata maelekezo.

Wapo wanaosema, basi tuongeze unga wa kukoleza. Sawa, ila unga wenye wanga huvunjwa na mate. Ukimlisha kwa kijiko, kisha kijiko hicho hicho kikarudi kikombeni mara kadhaa, kinywaji kilichoanza kizito kinaishia chepesi. Ukolezaji wa gamu ya zanthani hustahimili mate vizuri zaidi. Haya mambo madogo ndiyo yanayoamua, na hakuna muuza dawa za asili hata mmoja niliyemsikia akiyataja.

Upupu

Mpaka hapo nilikuwa tayari kuandika makala ya kupinga mitishamba kwa wagonjwa wa neva. Ingekuwa rahisi kuandika na rahisi kusoma.

Upupu ukaniharibia.

Mmea huu tunaujua kwa vinyweleo vya maganda yake, vinavyomfanya mtu ajikune mpaka alie. Lakini ndani ya ganda kuna mbegu, na ndani ya mbegu kuna levodopa. Ndiyo, ile ile iliyo kwenye vidonge ambavyo vimekuwa nguzo ya matibabu ya Parkinson tangu miaka ya 1960. Wanasayansi wa India waliitenga kutoka kwenye mbegu za upupu mwaka 1937, kabla mtu yeyote hajajua kwamba ubongo wa mgonjwa wa Parkinson umepungukiwa dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, ambayo levodopa hugeuzwa kuwa.

Na watafiti hawakuishia kwenye maabara. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti mdogo uliofanyika London, wagonjwa 8, ambapo unga wa mbegu hizi ulianza kufanya kazi mapema kuliko vidonge vya kawaida na nafuu yake ikadumu zaidi. Mwaka 2017 ukaja mwingine kutoka Bolivia, wagonjwa 18, dozi moja moja, na unga ukafanya vizuri tena. Sababu ya utafiti huo inaeleweka: kuna wagonjwa ambao vidonge hawavipati au hawavimudu, na upupu unajiotea.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta. Nitamwambiaje mtu kwamba majani na mbegu ni upuuzi?

Nikarudi baada ya siku chache na kukuta kilichofuata. Watafiti wale wale wa Bolivia walichapisha mwaka 2018 jaribio la matumizi ya kila siku. Washiriki walikuwa 14. Kati yao 7 waliacha unga, baadhi kwa sababu ya tumbo kusumbua, wengine kwa sababu mwili ulizidi kukakamaa. Vidonge vya kawaida huwa na kiambato cha pili, kama carbidopa, kinachozuia levodopa isigeuzwe kuwa dopamini kabla ya kufika kwenye ubongo. Upupu hauna mlinzi huyo, kwa hiyo mtu anahitaji levodopa nyingi zaidi, na tumbo ndilo linalolipa.

Kwangu somo kubwa halikuwa kama upupu umeshinda au umeshindwa. Lilikuwa hili: kama unafanya kazi, basi ni dawa, na dawa ina dozi. Kiasi cha levodopa kwenye mbegu hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu. Mgonjwa anayemeza vidonge vyake kisha akaongezewa kijiko cha unga na ndugu mwenye nia njema anaweza kuanza kuona watu wasiokuwepo, mikono na shingo kucheza bila kuamriwa, au presha kushuka ghafla akisimama. Daktari asiyejua habari za kijiko atadhani ugonjwa umepanda, atabadilisha vidonge. Na unga ukiisha, mgonjwa aliyekuwa ameuegemea anakatishwa levodopa kwa ghafla, jambo ambalo linaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa, na watu hulazwa nalo wakiwa mahututi.

Tena kuna suala la chakula chenyewe. Levodopa inapita kwenye ukuta wa utumbo, na baadaye kwenye mlango wa ubongo, kwa kutumia njia ile ile inayotumiwa na protini iliyomeng'enywa. Zikikutana, zinagombania nafasi. Ndiyo maana wagonjwa wengi huambiwa wameze kidonge kama nusu saa au zaidi kabla ya kula. Nimeona video ya mtu akiukoroga unga wa upupu kwenye glasi ya maziwa "ili kuongeza lishe". Ameweka dawa na mshindani wake kwenye kikombe kimoja.

Upande wa pili wa shilingi

Kama mmea una nguvu ya kusaidia neva, kwa nini mwingine usiwe na nguvu ya kuziumiza?

Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya Dominique Caparros-Lefebvre na Alexis Elbaz kutoka kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibi. Walikuwa wameona wagonjwa wengi mno wenye dalili kama za Parkinson lakini si Parkinson ya kawaida: hawakuitikia levodopa, walianguka mapema, wengine akili ilizorota. Walipochunguza ulaji wao wakakuta uhusiano na matunda ya stafeli na chai ya majani yake. Mstafeli una kemikali iitwayo annonacin, ambayo maabara ilionyesha inaua chembe za neva kwa kuzinyima nishati. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu uzito wa ushahidi huo kwa binadamu, na hakuna anayesema tunda moja litakulaza. Lakini chai ya majani ya mstafeli inauzwa mitandaoni kwa wagonjwa wa kila aina, wakiwemo wa neva, na maelezo yake ni yale yale: haina kemikali.

Kwa mgonjwa ambaye neva zake zimeshaumia, nisingeigusa. Hapo sina mjadala.

Wanaokutana ndani

Shangazi alikuwa na dawa mbili ambazo mtaalamu yeyote angezitaja kwanza: warfarin ya kuzuia damu kuganda, na dawa ya kifafa, kwa kuwa degedege lilimpata baada ya kiharusi. Dozi ya warfarin hupangwa kwa kupima damu. Majani ya kijani yana vitamini K, inayopunguza nguvu yake. Hii haina maana mgonjwa asile mboga. Maana yake ale kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, ili dozi iwe na kitu cha kuegemea. Chupa ya majani yaliyokolezwa, leo ipo kesho haipo, ndiyo inayovuruga hesabu. Ginkgo, dawa ya majani ya mti wa Kichina, nayo inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu, na inauzwa sana kwa ajili ya kumbukumbu ingawa jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2008, lenye wazee zaidi ya 3,000, halikuona ikizuia ugonjwa wa usahaulifu.

Mmea uitwao Hypericum perforatum, unaopendwa kwa huzuni, huamsha vimeng'enya vya ini vinavyosafisha dawa, na hivyo dawa nyingi hushuka kwenye damu bila mgonjwa kuacha kuzimeza. Warfarin ni mojawapo. Balungi linafanya kinyume: linaweza kuipandisha carbamazepine, dawa ya kifafa, mpaka mtu apepesuke na kuona vitu viwili viwili.

Manjano nayo yana hadithi yake. Kiini chake, kurkumini, hufyonzwa kidogo sana tumboni. Mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba ikichanganywa na piperini ya pilipili manga, kiasi kinachofika kwenye damu ya binadamu huongezeka kwa asilimia 2,000, na tarakimu hiyo imeshikwa na wauzaji kama hirizi. Piperini inafungua mlango. Ila mlango ukishafunguliwa, hauchagui mgeni: phenytoin, dawa nyingine ya kifafa, nayo hupita kwa wingi zaidi, na phenytoin ni dawa ambayo tofauti kati ya dozi nzuri na sumu ni ndogo. Nazungumzia vidonge na unga uliokolezwa, si bizari ya kwenye mchuzi.

Halafu kuna vitu visivyoandikwa popote. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa dawa 70 za Ki-Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, zilizouzwa eneo la Boston, Marekani. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi ni sumu ya neva. Unampa mtu mwenye neva mbovu, kwa mapenzi.

Nilimuuliza mfamasia mmoja anataka nini kutoka kwa familia kama zetu. Nilitarajia aseme acheni. Akasema, "Leteni chupa. Na mniambie mmempa tangu lini." Anachohitaji ni jina la mmea, sehemu iliyotumika, kiasi na tarehe, viandikwe kwenye orodha moja na dawa za hospitali. Zaidi ya hapo ni kazi yake.

Tumbo lina nafasi ndogo

Hoja hii sikuisikia kwenye mabishano yetu ya familia hata mara moja, na sasa naiona kubwa kuliko zote.

Mgonjwa mahututi wa neva anakula kidogo na anachoka upesi. Mlo mmoja unaweza kuchukua dakika arobaini, vijiko vichache vikiishia kwenye taulo. Kwenye ALS baadhi ya wagonjwa mwili unachoma nishati zaidi ya kawaida hata wakiwa wamelala, na kupungua uzito kunaambatana na maisha mafupi zaidi. Ndiyo maana madaktari hupenda kuzungumza mapema kuhusu mrija unaoingia moja kwa moja tumboni, kabla pumzi haijashuka sana, kwa sababu baadaye hata kuuweka kunakuwa hatari. Familia nyingi husikia mazungumzo hayo kama hukumu. Wanaomba muda "tujaribu kwanza za asili". Huo muda ndio anaopoteza mgonjwa.

Sasa chukua mgonjwa huyo, mpe kikombe cha maji ya majani kabla ya mlo. Kikombe hicho kina kalori karibu sifuri. Kimejaza tumbo, kimemchosha koo, na uchungu wake umemuulia hamu. Mlo uliofuata amekula nusu. Ukifanya hivyo mara tatu kwa siku, umemnyima chakula, na kila mtu nyumbani anaamini amemlisha.

Kwenye mrija wa kulishia ni hivyo hivyo, ukiongeza kwamba nyuzinyuzi za majani huziba mrija, na mrija ulioziba unachomolewa na kuwekwa upya. Mrija wa puani ukiwa umehama, unachosukuma kinaweza kwenda kwenye mapafu. Hata phenytoin haifyonzwi vizuri ikikutana na chakula cha mrijani, hivyo wauguzi huacha nafasi kabla na baada ya dozi. Yule anayengoja muuguzi atoke ili asukume kasirinji ka majani anaingilia ratiba ambayo watu wameipanga kwa saa.

Kuna wakati lishe ndiyo tiba hasa, na hapo ndipo ningependa nguvu zetu zielekee. Upungufu wa vitamini B12 huharibu uti wa mgongo na neva za miguu, na huweza kumfanya mzee asahau kama mwenye Alzheimer. Upungufu wa thiamini, yaani B1, huleta kuchanganyikiwa na kuyumba, na mtu aliyekaa muda mrefu bila kula anatakiwa kupewa thiamini kabla au pamoja na sukari, la sivyo sukari inaweza kummaliza. Lakini B6 ikizidi kwa muda mrefu huumiza neva zile zile. Haya yanapimika kwa damu. Hayahitaji imani.

Mmea mmoja ninautetea kwa moyo mweupe: maganda ya mbegu za psyllium. Kufunga choo kunawatesa wagonjwa wa Parkinson kuliko watu wanavyodhani, na choo kikigoma hata vidonge vinachelewa kufanya kazi. Psyllium inasaidia. Ila inavimba ikigusa maji. Kwa mtu mwenye shida ya kumeza inaweza kuvimba kooni na kumkaba. Tumerudi kwenye koo.

Mikono isiyo na kazi

Nimejiuliza kwa nini chupa zinakuja hata pale ambapo familia imesoma na ina daktari ndani yake.

Ukikaa wodini unaona. Kila mtu mwenye sare ana kazi. Mmoja anapima presha, mwingine anabadilisha dripu. Ndugu anakaa kwenye kiti cha plastiki ameshika mkoba. Hana la kufanya, na mtu anayempenda anaisha mbele yake. Mitishamba inampa kazi: kutafuta, kuchuma, kuchemsha, kuchuja, kubeba. Anafika akiwa na kitu mkononi. Ukimwambia tu "hii hairuhusiwi", umemnyang'anya kazi yake ya pekee, na atarudi usiku.

Kwa hiyo nadhani jibu la haki ni kumpa kazi nyingine, tena ya kweli. Usafi wa kinywa, kwa mfano. Mswaki laini, meno, ulimi na fizi, mara kadhaa kwa siku, hata kwa asiyekula kwa mdomo. Kinywa kichafu ndicho kinachopeleka bakteria kwenye mapafu pamoja na mate, na usafi wake unapunguza nimonia. Kumkalisha wima wakati wa kula na kumwacha wima kwa nusu saa baadaye. Kuandika uzito kila wiki. Kumlisha bila haraka, televisheni imezimwa, kijiko kidogo, ukingoja koo lipande na kushuka ndipo kije kingine.

Kazi hizi hazina harufu ya dawa, na hapo ndipo zinaposhindwa kushindana na chupa. Hakuna anayetangaziwa kwenye simu kwamba mswaki umemponya mtu.

Ladha

Kuna kitu kimoja majani yanakifanya ambacho hakuna kidonge kinaweza, nacho ni kukifanya chakula kiwe chakula.

Wagonjwa wengi wa Parkinson hupoteza uwezo wa kunusa, mara nyingi miaka kabla ya mkono kuanza kutetemeka. Bila harufu, chakula kinabaki chumvi na joto. Ongeza kwamba kimesagwa chote kikawa rojo la rangi moja, na utaelewa kwa nini mtu anafunga mdomo. Tangawizi kidogo, majani ya mnanaa, iliki, limau, vikiwa vimesagwa laini kabisa ndani ya chakula chenye mafuta na protini ya kutosha, vinaweza kumfanya afungue tena. Kwa mgonjwa anayepungua uzito, kijiko kimoja cha ziada alichokitaka mwenyewe kina thamani. Kipimo chake ni cha jikoni, si cha kiganja cha mganga, na chakula kinabaki kwenye ngazi ile ile aliyopangiwa.

Hapa mtishamba umekaa mahali pake: ndani ya mlo, haushindani nao.

Ukingoni

Lipo jambo moja bado linanisumbua, nalo ni mgonjwa wa mwisho kabisa. Kwenye usahaulifu uliokomaa, utafiti umeonyesha kwamba mrija wa kulishia haumwongezei mgonjwa maisha, na vyama vya madaktari wa wazee hushauri alishwe kwa mkono, kidogo kidogo, kwa kadiri anavyofurahia. Lengo limeshabadilika. Hatulishi tena ili apate uzito.

Hapo kanuni zangu zote za juu zinalegea. Mgonjwa aliyependa chai fulani ya majani maisha yake yote, akiwa na siku chache mbele yake, nani atamnyima kwa sababu ya vimeng'enya vya ini? Wapo wauguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, wanaochovya sponji ndogo kwenye kinywaji alichokipenda mtu na kumlowanisha midomo na ulimi. Tone linaweza kumpalia. Wote chumbani wanalijua hilo, daktari amelizungumza na familia, limeandikwa kwenye faili.

Mfamasia wangu hakubaliani nami sana. Anasema mpaka wa "siku chache" familia huuchora mapema mno, hasa ikiwa imechoka, na kwamba amewaona walioambiwa wanaondoka wakarudi kula ugali mwezi uliofuata. Nimeshindwa kumjibu. Tumekubaliana tu kwamba anayechora mpaka huo asiwe yule mwenye chupa.